Liacheni Sikio Lipumue

Najua mambo yaliyozoeleka katika jarida letu: dawa za kulevya, nidhamu, usafi wa mazingira na mapenzi ya shuleni. Mwaka huu nimeomba nafasi niseme juu ya kitu kidogo kinachoning'inia shingoni mwa kila kijana mtaani, nacho ni hedifoni. Mwalimu mlezi wa chama alinishauri niandike "vipokea sauti vya kichwani". Haya, nimeandika. Kutoka hapa nitasema hedifoni, maana hata fundi wangu hajui jina lingine.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema asije mtu akasema nilimzungusha. Mwanafunzi anayeishi nyumbani na watu, akitaka hedifoni, na atafute zile za mgongo wazi, zile nyepesi zenye sponji, hata kama ni za bei ya chini na zimechakaa. Kisha azitengeneze kwa mikono yake mwenyewe. Zile zinazofunika sikio kama kifuniko cha sufuria, pamoja na vile vidude vya kupenyezwa ndani ya tundu la sikio, awaachie wanaoishi peke yao. Ninazo sababu kadha wa kadha, na ya kwanza inaniuma hadi leo.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka jana. Nyanya alikuwa amekuja kwetu Kayole kutoka Kaimosi ili atibiwe goti. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia, na choo kiko nje, mwisho wa ploti. Mama huondoka alfajiri kwenda Marikiti kununua sukuma na vitunguu vya kuuza, kwa hivyo mimi ndiye niliyeachiwa Nyanya. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Uji saa mbili, dawa saa nne, na kumshika mkono kila anapotaka kwenda nje.

Siku hiyo binamu yangu alikuwa ameniazima hedifoni zake kubwa, nyeusi ti, zenye mito ya kufunika sikio lote. Ukizivaa, dunia inanyamaza. Matatu haipigi honi, jirani hagombani, mtoto halii. Nilikaa upande wangu wa pazia na kitabu cha hesabu, nikacheza nyimbo moja baada ya nyingine, nikajiona malkia. Sijui zilipita dakika ngapi. Ninachojua ni kwamba kilichoniondoa pale si utiifu wala akili bali chaji ya simu iliyoisha. Muziki ukakatika, nikavua, na hapo ndipo niliposikia mtu akihema.

Nyanya alikuwa ameketi sakafuni kando ya mlango, mgongo ameuegemeza ukutani, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani. Alikuwa amejaribu kwenda nje peke yake. Hakulia wala hakunigombeza. Aliniambia tu, "Nilikuita mpaka nikachoka, mjukuu wangu. Nikadhani umetoka."

Pazia lile, msomaji mpendwa, halifiki hatua tatu kutoka nilipokuwa nimeketi.

Kwa rehema za Mungu mkono haukuvunjika. Ulikuwa umeteguka, ukafungwa bendeji wiki mbili. Lakini Mama alipofika jioni aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwani masikio ulipewa ya nini?" Hedifoni zikarudishwa kwa mwenyewe usiku huo huo. Wahenga walinena kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Langu halikuwa la kufa. Lilikuwa limezibwa tu, na mimi ndiye niliyeliziba.

Nilikaa zaidi ya mwezi mmoja bila hedifoni yoyote, na nikaapa kwamba sitazigusa tena. Lakini nyumba yetu ni ile ile ya vyumba viwili. Mdogo wangu analala mapema, Mama naye amechoka, na mimi nina vipindi vya masomo vya redioni ninavyotaka kuvisikia usiku. Nikiviweka kwa spika, nawaamsha. Nikizima, navikosa. Nilibaki katikati kama mtu aliyekalia viti viwili.

Jumamosi moja Mama alinituma nipeleke redio ndogo ya Nyanya kwa fundi karibu na steji, vyuma vya kushika betri vilikuwa vimeshika kutu. Fundi huyu ni mzee wa makamo, ana kibanda cha mabati na kasha lililojaa mizoga ya vyombo. Ndani ya kasha hilo niliona hedifoni kuukuu: utepe mwembamba wa chuma, vikombe viwili vidogo vya plastiki vyenye matundu nyuma, na sponji iliyokuwa ikimumunyuka kama mkate mkavu. Jina la kampuni lilikuwa limefutika zamani.

"Hizi nazo, Mzee?"

"Hizo ni za mtumba. Sikio moja limekufa. Lakini si kufa kwenyewe, ni waya umekatika karibu na pini."

"Na mbona zina matundu nyuma? Zimepasuka?"

Alicheka. "Wee msichana, hayo matundu ndiyo yamefanya zitengenezwe. Vaa, halafu nikuongeleshe."

Nikavaa. Akaziunganisha na redio iliyokuwa mezani. Sikio moja likanyamaza, la pili likaimba. Kisha, bila kupaza sauti, akasema, "Bei ni shilingi mia na hamsini, na ukinisikia nikisema hivyo jua zinafaa." Nilimsikia. Nilisikia pia makanga akiita abiria, na chuma kikigongwa kibanda cha pili, na muziki haukupotea hata kidogo. Nikalipa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikidadisi habari za vyombo hivi, na nimejua kwamba nilikosea nilipodhani hedifoni za mgongo wazi ni za watu wasio na pesa za kununua za kufunika. Mwaka wa 1958, John Koss wa mji wa Milwaukee huko Marekani alitoa hedifoni za kwanza za stereo za kusikilizia muziki nyumbani, nazo zilikuwa za kufunika sikio. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1968, kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, hedifoni za kwanza za mgongo wazi kuuzwa madukani, zenye sponji za manjano. Watu walizipenda hata zikauzwa kwa mamilioni. Mwaka wa 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman, kile kinanda cha kaseti cha kutembea nacho, ilikiuza pamoja na hedifoni ndogo za sponji zenye uzito wa yapata gramu 50 tu. Na mwaka wa 1984 Koss huyo huyo akatoa Porta Pro, za sponji na utepe wa chuma, ambazo zingali zinatengenezwa mpaka leo bila kubadilika sana umbo. Hata katika studio, mafundi wengi wa kuchanganya muziki hutumia za mgongo wazi wanapotaka kusikia wimbo ulivyo hasa. Basi, aliye na hizi za shilingi mia na hamsini asione haya. Wazazi wake ni watu wa maana.

Sasa nije kwa fizikia, na wenzangu wa Kidato cha Pili wategee sikio kwa sababu mambo haya yamo katika mada zenu za sauti na sumaku. Ndani ya kila kikombe kuna sumaku, koili nyembamba ya waya na kiwambo chepesi cha plastiki. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inavutwa na kusukumwa na sumaku, kiwambo kinatikisika pamoja nayo, na hewa inatikisika. Lakini kiwambo hakisukumi hewa upande mmoja tu. Kinapoisukuma mbele kuelekea sikioni, kinaivuta nyuma, na kinaporudi mambo yanageuka. Hiyo hewa ya nyuma iende wapi? Katika hedifoni za kufunika imefungiwa ndani ya kikombe, inagonga kuta na kurudi, na sauti yake nyingine inachanganyika na ile uliyokusudiwa kuisikia. Katika za mgongo wazi inatoka zake kupitia matundu. Ndiyo sababu sauti ya hizi husikika kana kwamba iko chumbani, mbele yako kidogo, wala si katikati ya ubongo.

Uhuru huo una gharama, na mgala muue na haki yake mpe. Mawimbi ya besi ni marefu, na yanayotoka nyuma huzunguka kwa urahisi yakakutana na ya mbele. Moja linasukuma wakati mwenzake anavuta, basi yanauana. Kwa hiyo besi ya hedifoni hizi ni haba. Mwenzangu mmoja wa darasa, shabiki wa muziki wa kutikisa vioo vya matatu, alizijaribu akanirudishia akisema, "Hizi zinalia kama redio ya mlinzi." Sikubishana naye. Kama unachotaka ni besi ya kukutetemesha mbavu, hizi si zako. Lakini kama unataka kusikia maneno ya mtangazaji, vina vya shairi, au gitaa mbili zikijibizana, utashangaa. Katika nyimbo za zamani za Daudi Kabaka na wenzake wa Equator Sound Band wa miaka ya 1960, nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba gitaa la pili halifanyi kazi ya la kwanza. Hapo awali nilidhani ni moja.

Raha yake je? Hapa sina mjadala na mtu. Sisi wasichana tuliosuka matuta tunajua utepe mzito wa hedifoni kubwa unavyokandamiza kichwa. Baada ya nusu saa unahisi kama umebeba ndoo bila kata. Mito yake ya plastiki nayo inatoa jasho, sikio linalowa, na mchana wa Februari hapa Nairobi hakuna anayeweza kuvumilia. Za sponji zinagusa sikio tu. Hewa inapita. Nimezivaa saa mbili nikisahau kwamba nimezivaa, mpaka nikasimama na waya ukanirudisha kitini.

Lakini sitakudanganya kwamba zilikuwa hivyo siku ya kwanza. Nilizitengeneza, na sasa naeleza hatua kwa hatua, makosa yangu yakiwemo.

Kwanza ni waya. Fundi alikata sehemu iliyokufa karibu na pini, akaweka pini mpya. Nilimwomba anifundishe. Nyuzi zilizomo ndani ni nyembamba kama unywele na zina rangi, moja nyekundu, moja ya kijani, nyingine ya shaba tupu. Ile rangi si mapambo, ni vanishi ya kuzuia umeme usivuke. Usipoichoma kwanza, lehemu haishiki, na utaapa kwamba hedifoni imekufa kumbe umeunga vanishi na chuma. Kazi hii sikuifanya peke yangu, nami simshauri asiyewahi kushika chuma cha moto aianze bila mtu mzima kando yake.

Pili ni sponji. Kama yako ingali nzima, ivue polepole, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikamue bila kuisokota, iianike kivulini. Yangu ilikuwa imekwisha. Nilichukua sponji ya kuoshea vyombo, nikang'oa ule upande wa kijani, nikakata kipande chenye unene wa kidole. Ikawa kama mtangazaji amejifunika blanketi! Sponji nzito humeza sauti nyembamba, na tena huweka kiwambo mbali na sikio hata ile besi kidogo iliyokuwepo ikapotea. Safari ya pili nilikata kipande cha sponji ya godoro kuukuu, chepesi, unene wa nusu sentimita, nikakishona na uzi pembeni kikae kama kofia juu ya kikombe. Kisha katikati nikatoboa tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi moja. Blanketi likaondoka. Sauti ikanyooka.

Tatu ni utepe wa kichwani. Utepe wangu ulikuwa umelegea, vikombe vikikaa mbali na sikio upande wa chini. Niliukunja kidogo kidogo kwa vidole vyote kumi, nikijaribu kila baada ya kuukunja, kwa maana chuma ukikikunja kwa haraka mahali pamoja kinakatika. Vikombe vilipolala bapa juu ya masikio, besi ikaongezeka bila kuongeza kitu kingine chochote. Hili ndilo rekebisho kubwa kuliko yote, na halina gharama hata ya senti. Kisha nikauzungushia utepe kitambaa cha leso kuukuu ya Mama, nikashona, usije ukanivuta nywele.

Nne ni yale matundu ya nyuma. Kwa udadisi niliyaziba yote kwa tepu nyeusi ya umeme. Besi ikapanda kweli, lakini sauti ya watu ikawa kama inatoka ndani ya debe, tena nikawa nimejirudishia ugonjwa ule ule niliokuwa nikiukimbia. Nikabandua. Mwishowe niliziba tundu moja kati ya manne kila upande, na hapo nikaridhika. Hedifoni zako huenda zikataka vingine. Ushauri wangu ni mmoja: badilisha kitu kimoja kwa wakati, kwenye upande mmoja tu, kisha sikiliza wimbo unaoujua vizuri ukilinganisha kushoto na kulia. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua ni kipi kilichoharibu.

Makatazo nayo ni mawili. Usiguse kiwambo kwa kidole wala kwa pini, kwa sababu kikiingia kovu hakiponi. Na usifanyie kazi hii juu ya meza iliyosuguliwa sufuria kwa nyuzi za chuma. Sumaku itavuta vijiuzi vile, vitapenya mpaka kwenye kiwambo, na kila besi itakuja na mkwaruzo. Nilipoteza jioni nzima nikivitoa kwa kipande cha tepu.

Gharama yangu yote haikuzidi shilingi mia tatu. Wahenga walisema rahisi ghali, na mara nyingi walisema kweli. Lakini rahisi huwa ghali kwa mtu anayenunua, kuharibu na kutupa. Kwa mwenye kurekebisha, rahisi ni shule.

Najua zipo pingamizi, nami si mtu wa kuzifunika chini ya mkeka.

Pingamizi la kwanza ni la wenzangu: hedifoni za mgongo wazi zinavujisha sauti nje. Ni kweli tupu. Anayeketi kando yako anasikia unachosikia, hafifu kama nzi ndani ya chupa. Kwa hiyo hazifai maktabani wala kitandani unapolala na mwenzako. Nyumbani kwetu mimi hukaa upande wa jikoni, nikaweka sauti chini, na mdogo wangu haamki. Asiyetaka watu wajue anasikiliza nini ajiulize kwa nini hataki wajue.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mahali pa kelele, kama ndani ya matatu, kelele zinaingia, na mtu anapandisha sauti ili azishinde. Hapo hedifoni ya mgongo wazi inageuka kuwa mbaya kuliko ya kufunika. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila madhara, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Kwa watoto kiwango kinachoshauriwa ni desibeli 75. Mwaka wa 2022 shirika hilo lilikadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja duniani wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya muziki wa sauti kubwa. Vinyweleo vidogo vilivyomo ndani ya sikio vikishakufa havioti tena kama nywele za kichwani. Basi jibu langu ni fupi: katika matatu sivai. Barabarani pia sivai, hata hizi za wazi. Mwanafunzi wa kutwa anavuka barabara asubuhi na jioni, na bodaboda hazina ratiba. Mwendo wa kwenda shuleni ni wa macho na masikio.

Pingamizi la tatu ni la baadhi ya walimu wetu wapendwa, wanaosema hedifoni zote zichomwe moto na mambo yaishe. Mwalimu, kwa heshima na taadhima, naomba kutofautiana nawe. Shuleni hatuzileti, na sheria hiyo naiunga mkono. Lakini ukitoka langoni, wanafunzi wako wanazivaa, upende usipende. Ukisema "zote ni mbaya", mwanafunzi atakuitikia "ndiyo mwalimu" kisha aende kununua zile zinazoziba kabisa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuna nyingine. Mimi mwenyewe sikuwa nimeambiwa. Laiti ningejua mwaka mmoja mapema kwamba kuna chombo kinachokuachia mlango wazi, Nyanya asingeketi sakafuni.

Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tunazungumza juu ya hedifoni kana kwamba swali ni muziki. Swali ni nani anaweza kukuita ukaitika. Aliye katika bweni ana kengele, viranja na wenzake arobaini chumbani. Sisi wa kutwa tunarudi kwenye nyumba zenye wazee, watoto wachanga, jiko linalowaka na sufuria ya maharagwe inayoweza kukauka. Sisi ni walinzi wa nyumba hizo kwa saa kadhaa kila siku, ingawa hakuna aliyetuandikia barua ya kazi. Mlinzi anaruhusiwa kusikiliza redio. Haruhusiwi kuziba masikio.

Kwa hayo natoa rai mbili. Ya kwanza ni kwa wenzangu: kabla hujanunua, vaa, kisha mwambie mwenzako asimame hatua tatu nyuma yako akuite kwa sauti ya kawaida, ya mgonjwa, si ya mwalimu wa zamu. Usipomsikia, rudisha. Ya pili ni kwa chama chetu: Mwalimu akikubali, mkutano mmoja wa muhula ujao tuutumie kutengeneza sponji na tepe, na kuelezana hatua hizo kwa Kiswahili sanifu. Huenda hata tukapata jina zuri la kitu hiki ambalo fundi wangu atalikubali.

Nyanya alirudi Kaimosi mwezi wa Desemba, mkono umepona, goti bado kidogo. Jioni moja kabla hajaondoka alitaka kujua ni nini kinachonichekesha jikoni peke yangu. Nikamvika zile hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikamwekea "Helule Helule" ya Daudi Kabaka. Alinyamaza kitambo. Kisha akaanza kupiga kidole gotini, lile goti bovu, akasema wimbo huo alikuwa akiusikia kwa Sauti ya Kenya alipokuwa msichana.

Nikiwa nimeinama jikoni napuliza makaa, nikamwita kwa sauti ya chini, nione tu.

"Nyanya."

"Nakusikia," akajibu. "Songeza hiyo chai."

Kalamu naiweka chini.